Andalio la Somo Si Karatasi ya Mkaguzi

Kila mwaka wanachuo wa vyuo vyetu vya ualimu hutawanywa katika shule za msingi kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Baadhi yao hupangiwa vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, na miongoni mwa vijiji hivyo ni Kaagya, mahali ambapo nyumba zimejificha ndani ya migomba na mibuni. Kijana wa kike au wa kiume hufika huko na begi lake la nguo, godoro lililofungwa kamba, na daftari kubwa lililopigwa mistari. Daftari hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo, kwa kuwa ndani yake yanaandikwa maandalio ya masomo, na katika maandalio hayo ndipo wengi wa vijana wetu wanapokwama.

Pengine msomaji atauliza kama jambo hili ni kubwa hata lipewe nafasi katika ukurasa huu. Twamjibu kwamba ni kubwa. Serikali imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi, na kila mmoja wetu anajua kuwa yapo madarasa mengi yanayokipita kiwango hicho kwa mbali. Kipindi kimoja cha madarasa ya juu ni dakika 40. Mwalimu asiyejua anakwenda kufanya nini ndani ya dakika hizo hapotezi dakika 40 zake peke yake. Anapoteza dakika 40 za kila mtoto aliyekaa mbele yake, na watoto hao hawatarudishiwa dakika hizo na mtu yeyote. Mkulima akikosea msimu mmoja huweza kungoja msimu mwingine, lakini mtoto hupita Darasa la Nne mara moja tu.

Kwa wale ambao hawakupata kuingia chuo cha ualimu, yafaa tueleze kwanza andalio la somo ni kitu gani. Serikali hutoa mtaala na mihtasari kwa njia ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu huusoma muhtasari wa somo lake, kisha hutengeneza azimio la kazi, yaani mpango wa muhula au mwaka mzima, unaoonyesha juma hili atafundisha nini na juma lile nini. Kutoka katika azimio hilo ndipo hutoka andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja tu. Juu yake huandikwa tarehe, darasa, muda, na idadi ya wavulana na wasichana walioandikishwa na waliohudhuria. Hufuata umahiri unaokusudiwa, mada, lengo, zana na vitabu vya rejea. Kisha zinakuja hatua za somo, zikianza na utangulizi. Mwisho kabisa mna nafasi ya tathmini na maoni, ambamo mwalimu hueleza jinsi somo lilivyokwenda.

Ukiutazama mpango huu kwa jicho la haki huwezi kuuona kuwa mbaya. Mjenzi hupima kiwanja kabla ya kuchimba msingi, na nahodha hutazama upepo kabla ya kutweka tanga. Basi kwa nini kazi hii inawashinda vijana wengi waliofaulu mitihani yao, wenye bidii na wenye kuupenda ualimu?

Wako wanaosema kwamba ni uvivu. Sisi hatukubaliani nao. Tunavyoona, kijana huyo amefundishwa kuliandika andalio kwa ajili ya mtu mzima atakayelikagua, wakati lilipasa kuandikwa kwa ajili ya mtoto atakayefundishwa. Tena ameamriwa kupanga safari ya watu asiowajua. Mambo hayo mawili ndiyo mzizi wa taabu yote, na mengine tutakayoyataja ni matawi yake.

Tumfikirie mwanachuo mmoja aliyepangiwa Kaagya. Tuseme ametoka pwani ya kusini. Amepewa vipindi vinne kwa siku, na siku za masomo katika juma ni tano. Hayo ni maandalio 20 kwa juma moja. Akiandika kila andalio kwa muda wa saa moja, amemaliza saa 20, yaani muda wa saa nne kila usiku kwa siku tano, mbali na kutengeneza zana, kuandika nukuu za somo na kusahihisha madaftari. Na hayo madaftari si mchezo. Darasa likiwa na watoto 80, na kila daftari likapewa nusu dakika tu, yatakula dakika 40, nacho ni kipindi kizima. Mtu huyo, baada ya juma la pili, atafanya nini? Atatafuta andalio la mwaka jana la mwenzake, abadilishe tarehe na idadi ya wanafunzi, kisha alale. Nani kati yetu angeweza kumrushia jiwe?

Sasa tuyafungue maandalio yenyewe tuone yanavyokuwa. Mahali pa lengo utakuta maneno kama haya: "Mwanafunzi aweze kuelewa sehemu." Kuelewa namna gani? Mwalimu atajuaje kwamba mtoto ameelewa, wakati kuelewa ni jambo la ndani ya kichwa ambalo jicho haliwezi kuliona? Mahali pa utangulizi, leo na kesho na keshokutwa, imeandikwa: "Kuwauliza wanafunzi maswali juu ya somo lililopita." Ni maswali gani hayo? Hayakuandikwa. Mahali pa zana imeandikwa: "Ubao, chaki na vitu halisi." Vitu gani halisi? Hakuna ajuaye, na hata mwandishi mwenyewe hajui. Na pale mwisho, mahali pa tathmini, ndipo penye kuhuzunisha kuliko pote. Utakuta imeandikwa kwa wino ule ule na kwa mkono ule ule wa jana usiku: "Somo limeeleweka vizuri." Somo halijafundishwa, mtoto hajafungua kinywa, na tayari limekwisha eleweka!

Hatusemi haya kwa kuwacheka vijana. Sentensi hiyo ya uongo haikuzaliwa chuoni wala haikuzaliwa Kaagya. Imezaliwa na desturi yetu ya kukagua karatasi badala ya kukagua kazi. Mtu akijua kuwa mkaguzi atatazama kama kila chumba cha jedwali kimejazwa, basi atakijaza. Mtu akijua kuwa mkaguzi atauliza, "Nionyeshe madaftari ya watoto watatu walioshindwa jana, na unieleze leo umewafanyia nini," basi usiku ule atawafikiria watoto wale watatu. Wakaguzi wetu siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule. Jina hilo ni zuri. Tunaomba na kazi ifanane na jina, kwa kuwa ubora wa shule hukaa ndani ya kichwa cha mtoto na wala haukai katika jedwali.

Hapa yafaa tukumbushane kwamba hatua hizi za somo, ambazo vijana huzikariri kana kwamba ziliteremshwa kutoka mbinguni, zina historia. Katika karne ya 19 alikuwako Ujerumani mwanafalsafa mmoja, Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841. Yeye alifundisha kwamba jambo jipya hushika akilini pale tu linapoungana na jambo ambalo mtu amekwisha lijua. Baada yake wafuasi wake, akina Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, waliligeuza wazo hilo kuwa hatua tano za kufundishia, na hatua hizo zikaenea Ulaya na Marekani kabla ya kufika katika vyuo vya ualimu vya nchi zilizotawaliwa. Wazo la mwanzo lilikuwa hai: anza na kile akijuacho mtoto. Lakini kadiri lilivyosafiri ndivyo hatua zilivyobaki na wazo likasahauliwa. Leo kijana anajua kwamba utangulizi ni wa dakika tano, lakini hajui kwamba utangulizi uliwekwa ili kwanza apate kujua mtoto anajua nini.

Na hilo ndilo jambo la pili tulilolitaja. Mwanachuo anapanga safari ya watu asiowajua. Mtoto wa Kaagya anayeingia Darasa la Kwanza mara nyingi amelelewa katika Kihaya. Kiswahili amekisikia redioni, dukani, na kwa ndugu waliotoka mjini. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi za serikali, nasi tunajivunia jambo hilo, kwa maana limetuunganisha kuwa taifa moja. Lakini kujivunia hakumwondolei mwalimu wajibu wa kujua kwamba neno analoliona yeye ni jepesi huenda likawa jipya kwa mtoto wa miaka sita. Katika andalio la kawaida hakuna mahali palipoandikwa: "Maneno ambayo watoto hawa huenda hawayajui." Kwa hiyo mwanachuo wetu hayafikirii. Siku ya kwanza anasema maneno yake ya pwani, watoto wanaitikia "Ndiyo, Mwalimu" kwa sauti moja, naye anatoka akiamini kwamba ameeleweka. Kuitikia kwa pamoja ni adabu tu ya watoto wetu, nayo haipasi kuchukuliwa kuwa ushahidi.

Tutoe mfano mmoja wa kazi yenyewe, ili isije ikasemwa kwamba sisi ni hodari wa kulaumu tu. Tuseme somo ni Hisabati, Darasa la Nne, na mada ni kujumlisha sehemu. Mwalimu anataka watoto wajue kwamba nusu ukijumlisha na robo unapata robo tatu. Andalio la karatasi litasema, "Mwanafunzi aweze kuelewa kujumlisha sehemu," na zana zitakuwa ubao na chaki. Andalio la mwalimu halitaanza hapo. Litaanza kwa swali hili: mtoto atakosea wapi? Mwalimu yeyote aliyefundisha sehemu anajua jibu. Mtoto ataona 1/2 na 1/4, atajumlisha tarakimu za juu na kupata 2, atajumlisha za chini na kupata 6, kisha ataandika 2/6. Hiyo 2/6 ni sawa na theluthi moja, nayo ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Ameongeza kitu, na kitu chake kimepungua! Kosa hilo ni hazina kwa mwalimu aliyelitazamia, na ni aibu kwa mwalimu aliyeshtukizwa nalo.

Basi mwalimu aliyelitazamia ataandika lengo lake hivi: "Baada ya kipindi hiki, kila mwanafunzi aweze kuonyesha kwa kukunja, na kisha kwa kuandika, kwamba nusu na robo ni robo tatu, na aeleze kwa nini jibu la 2/6 haliwezi kuwa sahihi." Lengo la namna hii laonekana kwa macho. Na zana? Kaagya haina haja ya kungoja zana kutoka Dar es Salaam. Yako majani ya migomba. Jani likibabuliwa motoni kidogo hulainika, nalo likikatwa vipande virefu vyenye urefu sawa, hukunjika mara mbili na mara nne. Kila watoto wawili wapewe kipande kimoja. Wakikunje katikati waione nusu. Wakikunje tena waione robo. Waihesabu nusu ile ina robo ngapi ndani yake. Kisha waweke nusu na robo pamoja, na wajionee wenyewe. Watoto 80 kwa vipande 40 vya majani: gharama yake ni kisu kimoja na asubuhi ya mapema. Tathmini nayo haitaandikwa usiku wa kuamkia somo. Itaandikwa jioni baada ya somo, nayo itasema kweli: "Watoto 22 bado wanaandika 2/6. Kesho nitaanza na hao, na nitawaachia wakunje tena kabla ya kuandika." Idadi hiyo tumeiweka kwa mfano tu, lakini andalio lenye neno kama hilo ni andalio la mwalimu, hata kama mwandiko wake ni mbaya na jedwali lake limepinda.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, aliligusa jambo hili katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwezi Machi 1967. Aliona kwamba elimu tuliyoirithi ilimfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na hivyo kuudharau ujuzi wa wazee wake. Twaomba wanachuo wetu wailete fikra hiyo katika daftari la maandalio. Somo la Sayansi juu ya magonjwa ya mimea linaweza kufundishwa Bukoba na Muleba kwa kuchora mti ubaoni. Linaweza pia kufundishwa kwa kwenda katika kibanja kilicho karibu na shule, kwa ruhusa ya mwenyewe, na kumwomba mzee awaeleze watoto habari za mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao umewatia hasara kubwa wakulima wa Kagera katika karne hii: jinsi jani linavyokuwa manjano na kulegea, jinsi ndizi zinavyoiva kabla ya wakati, kwa nini kisu kilichokata mgomba mgonjwa lazima kisafishwe kwa moto au dawa kabla ya kugusa mgomba mzima, na kwa nini ua dume hukatwa mapema kwa kijiti chenye panda. Hilo ni somo la afya ya mimea, na ni somo la chakula cha nyumbani kwao. Mtoto atakayelipata atarudi nyumbani akiwa na faida ya kumpa baba yake.

Lakini kazi kama hiyo haifanyiki bila kupangwa. Mzee ataarifiwa lini? Watoto watatembea kwa muda gani kwenda na kurudi? Watatazama nini, na wataandika nini? Mvua ikinyesha itakuwaje? Ndiyo maana tunasisitiza kwamba sisi hatutaki maandalio yafutwe. Wako waalimu wa siku nyingi wanaosema, "Mimi nimefundisha miaka 30, andalio langu limo kichwani." Huenda ni kweli. Fundi aliyezoea kujenga nyumba ya msonge hakuhitaji ramani, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha jifunza. Lakini mwanafunzi wake alihitaji kuonyeshwa kila ufito. Mwanachuo ni mwanafunzi huyo. Yeye anahitaji karatasi, tena karatasi yenye mambo mengi, hadi mambo hayo yahamie kichwani. Kosa letu ni kumwachia karatasi bila fundi wa kukaa kando yake.

Twafika kwa fundi huyo. Katika kila shule inayompokea mwanachuo kuna mwalimu anayetakiwa kumlea. Wako walezi wema sana, nao tunawapa heshima yao. Lakini pia iko desturi isiyofaa: mwanachuo akifika, mwalimu mwenye somo humkabidhi chaki na vipindi vyake vyote, kisha hujipumzisha au hushughulikia mambo mengine. Hatumlaumu kupita kiasi, maana naye amechoka na darasa lake ni kubwa. Lakini mwanachuo si mwalimu wa akiba. Amekuja kujifunza. Akiachwa peke yake atajifunza mbinu za kuokoka, na mbinu za kuokoka siyo ualimu.

Iko sababu nyingine ya taabu hii, nayo ni kubadilika kwa mitaala. Mwaka 2005 ulianza mtaala wa kujenga ujuzi katika shule za sekondari, kisha shule za msingi zikafuata. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulielekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Januari 2024 ukaanza, kwa awamu, mtaala ulioboreshwa kufuatana na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 toleo la 2023. Mabadiliko hayo yana sababu zake, na mengi ni mema. Lakini kila yanapokuja, jedwali la andalio nalo hubadilika. Palipoandikwa "lengo kuu" sasa pameandikwa "umahiri mkuu". Mwanachuo aliyefundishwa jedwali moja chuoni hukuta jedwali jingine shuleni, na mkufunzi anayekuja kumpima huenda akawa na la tatu. Hapo kijana hupoteza nguvu zake akiuliza neno lipi liandikwe katika chumba kipi. Angekuwa amefundishwa maana kabla ya jedwali, mabadiliko ya majina yasingemtikisa. Atakayemfahamu mtoto, lengo, njia na kipimo ataweza kujaza jedwali lolote lile.

Historia yetu wenyewe ina mafundisho. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa liliamua kuwapatia watoto wote elimu ya msingi, na waalimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza Darasa la Saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini kwa miaka mitatu. Walifundisha watoto, nao wenyewe wakisoma kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Watu wengi waliwabeza waalimu wale, na ni kweli kwamba elimu yao ya vitabu ilikuwa ndogo. Lakini walikuwa na kitu kimoja ambacho mwanachuo wa leo hana. Waliwajua watoto kwa majina kabla ya kujua nadharia. Jambo walilojifunza asubuhi waliweza kulijaribu mchana. Mwanachuo wetu wa leo ana nadharia nyingi, na watoto huwapata mwishoni, kwa majuma machache, huku akipimwa.

Wenzetu wa Japani nao wana desturi ambayo ilianza tangu karne ya 19, nayo yafaa kutazamwa. Waalimu wa shule moja hukaa pamoja na kutengeneza andalio la somo moja. Mmoja wao hulifundisha, na wengine huketi darasani wakiwatazama watoto zaidi kuliko kumtazama mwalimu: nani ameelewa, nani amekwama, nani amenyamaza. Baada ya hapo hukaa tena, huzungumza bila kuoneana haya, na hulirekebisha andalio lile. Jambo hili halihitaji fedha nyingi wala mitambo. Na sisi tunao mpango wetu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ujulikanao kama MEWAKA, unaowataka waalimu wakutane shuleni mwao na kujifunza wao kwa wao. Mlango umekwisha funguliwa. Kilichobaki ni kumwingiza mwanachuo ndani, apewe kiti, naye asikilize na kusema.

Basi tunatoa shauri letu, kwa wote wanaohusika.

Kwa vyuo vya ualimu, tunasema: mwanachuo apelekwe kuwatazama watoto mapema, tangu mwaka wake wa kwanza. Mkoani Kagera kipo Chuo cha Ualimu Katoke, katika Wilaya ya Muleba, na shule za msingi ziko kila upande. Hakuna chuo nchini kilicho mbali na watoto. Na katika majuma ya kwanza ya mazoezi, mwanachuo apewe vipindi vichache avipange kwa kina. Andalio moja lililofikiriwa, likafundishwa, likasahihishwa na kufundishwa tena, lina faida kuliko maandalio 20 yaliyonakiliwa.

Kwa waalimu walezi, tunasema: kaeni na kijana huyo mara moja tu kwa juma, mpange somo moja pamoja. Mwambieni watoto hukosea wapi. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote. Umo ndani yenu, na msipourithisha mtaondoka nao.

Kwa wakufunzi na wathibiti ubora, tunasema: ongezeni swali moja katika kupima kwenu. Muulizeni mwanachuo, "Jana watoto walishindwa nini, na andalio la leo limebadilika vipi kwa sababu hiyo?" Atakayejibu vizuri apewe alama zake hata kama alisahau kuandika idadi ya wasichana.

Kwa wazazi na serikali za vijiji, pale Kaagya na pengine pote, tunasema: mgeni huyu amekuja kuwafundisha watoto wenu. Mtazameni analala wapi na anaandikia wapi. Taa yenye mwanga, meza isiyoyumba na mkungu wa ndizi si mambo makubwa, lakini kwa mtu anayeandika usiku wa manane ni msaada mkubwa. Na mwalimu akimwomba mzee aje kusema na watoto, mzee asikatae kwa kudhani kwamba shuleni hutakiwa watu wa vyeti tu.

Mwisho, kwako wewe mwanachuo. Hatukufichi kwamba kazi uliyoichagua ni ngumu. Utapimwa kwa karatasi, na yakupasa uijaze. Lakini kabla hujaandika neno la kwanza, funga macho umkumbuke mtoto mmoja tu wa darasa lako, yule anayekaa nyuma, asiyenyosha mkono. Jiulize: kesho, ndani ya dakika 40, huyu atafanya nini ambacho leo hawezi kukifanya? Ukipata jibu la swali hilo, andalio lako limekwisha patikana, na kilichobaki ni kuandika. Usipolipata, jaza vyumba vyote vya jedwali kwa mwandiko wa dhahabu, nawe bado hujaandaa kitu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: liko daftari lililojaa, na mali yake ni watoto waliotoka shuleni mikono mitupu. Tulikague daftari hilo upya.